Hati za mtaa Mombasa: zinamfaa nani, na hukwama wapi

Mwezi ukishafika katikati, biashara ndogo za Mikindani na Kongowea mjini Mombasa, au za Mukuru kule Nairobi, hulala. Sukuma wiki za mama mboga zinanyauka, fundi cherehani amekaa bure, mwenye mkokoteni ana mitungi ya maji imejaa, na kila mmoja anakihitaji alicho nacho mwenzake. Kinachokosekana ni shilingi ya kupitia kati yao. Shilingi hushuka mtaani mwisho wa mwezi pamoja na mishahara ya bandarini na viwandani, ikazunguka siku chache, kisha ikapanda kwenda kwa mwenye nyumba, kwa duka la jumla na kwenye karo ya shule. Hati za mtaa, yaani ahadi za bidhaa na huduma ambazo majirani hulipana nazo badala ya shilingi, zilibuniwa kuziba pengo la siku hizo kavu. Huduma tunayoipima hapa ni ule mfumo ulioanzishwa Mombasa na shirika la Grassroots Economics, ambao leo wengi wanaujua kwa jina la Sarafu.

Hukumu yetu tunaitoa mapema. Huduma hii inafaa sana kwa biashara ambayo sehemu kubwa ya matumizi yake yanabaki mtaani. Kwa biashara inayonunua kila kitu nje na kuuza ndani, ni mzigo, na mwenye biashara ya namna hiyo asibembelezwe kuingia. Watu hubishana sana kama karatasi ni bora kuliko simu. Ubishi huo hauna uzito. Lenye uzito ni kujua nani ananunua kwa nani, na nani yuko tayari kumsimamia nani.

Wazo lenyewe si geni Pwani. Wamijikenda wana mwerya, kazi ya zamu: leo tunalima kwako, kesho kwangu, na hakuna anayelipwa fedha kwa sababu deni linakumbukwa. Mjini deni halikumbukwi kirahisi hivyo, maana majirani ni wengi na wanahama, kwa hiyo linahitaji kuandikwa. Mwaka 2010 Kongowea kulikuwa na Eco-Pesa, hati zilizokuwa na shilingi halisi nyuma yake, ambazo vijana walilipwa kwa kuzoa taka na kupanda miti. Mei 2013, katika mtaa wa Bangladesh upande wa Jomvu, ikaja Bangla-Pesa, na hapo ndipo mfumo ulipogeuka: nyuma ya hati hakukuwa tena na shilingi, kulikuwa na bidhaa na huduma za wafanyabiashara wenyewe. Kabla mwezi haujaisha, mwanzilishi Will Ruddick na Wakenya watano walikamatwa wakakabiliwa na mashtaka yanayohusu kughushi. Agosti mwaka huo huo mashtaka yaliondolewa, na Novemba hati zikarudi sokoni. Baadaye zikafuata Gatina-Pesa kule Kawangware, kisha Kangemi na Lindi ya Kibera, halafu karatasi ikapisha simu. Kati ya Januari 2020 na Juni 2021 mfumo wa simu ulikuwa na akaunti zipatazo 40,000 nchini Kenya.

Sasa utendaji wake. Hati moja huhesabiwa sawa na shilingi moja ili bei zisimchanganye mtu, lakini huwezi kuipeleka popote ukapewa shilingi. Ni ahadi: mwenye hati hii atapewa bidhaa au huduma na wanachama wa mtaa huu. Anayeingia anasajili biashara yake, anasema anauza nini, na anapewa hati za kuanzia. Katika Bangla-Pesa alihitaji pia wadhamini wanne, wanachama wanaoijua biashara yake. Hili la wadhamini ndilo bora kuliko yote katika huduma nzima, na ndilo linaloachwa kwanza watu wanapotaka kukua haraka. Mdhamini wa kweli ni mteja wako au muuzaji wako. Akiwa ndugu au rafiki tu, kila tunapotazama, udhamini huwa saini tu.

Tuchukue muuza mahamri, maana hesabu yake inaonyesha kila kitu. Bei hizi ni za mfano, weka za kwako. Kilo 2 za unga zinampa mahamri 60, kwa shilingi 10 moja, jumla 600. Unga 160, mafuta 110, sukari, hamira na iliki 60: hiyo ni 330, na yote inatoka duka la jumla ambalo halitaki kusikia habari za hati. Nazi 60, makaa 50, maji mitungi miwili 20: hiyo ni 130, na yote inanunuliwa kwa watu wa mtaa. Inabaki 140, faida yake. Katika hiyo, 90 ni ya kodi ya nyumba na karo, lazima iwe shilingi, na 50 ni ya mboga, kinyozi wa mtoto na kushona nguo, vitu vya hapo hapo. Kwa hiyo, hata kila mtu mtaani akipokea hati kikamilifu, huyu mama hana pa kuzitumia zaidi ya 180 kwa siku. Na kwa kuwa nao wenzake wana gharama zao za shilingi, wengi watakubali nusu kwa nusu. Kiwango chake halisi ni kama 90, yaani hamri tisa kati ya 60.

Tisa! Mtu akisikia hivyo anaona ni jambo dogo. Lakini hizo tisa ndizo zingebaki kwenye karai saa nne asubuhi zikaliwa nyumbani au kuuzwa kwa bei ya kutupa. Faida yake siku hiyo ilikuwa 140. Akipata 90 nyingine za maji, nazi na mboga bila kutoa shilingi, hali yake imebadilika sana. Hapa ndipo hati zinapotenda kazi: kwenye bidhaa ya mwisho wa siku, saa isiyokuwa na mteja, kiti cha kinyozi kilicho wazi, safari ya mkokoteni isiyo na mzigo. Anayezipokea asubuhi, wakati bado ana wateja wa shilingi, atajuta kabla wiki haijaisha.

Kwa hiyo kila mwanachama anapaswa kujua kiwango chake kabla ya kupokea hati ya kwanza, na akibandike kibandani: «Napokea hati nusu ya bei, baada ya saa tatu», au «hati 100 kwa siku, basi». Wengi huona haya kuweka kikomo mbele ya jirani. Wasione haya. Anayepokea bila kikomo mwezi wa kwanza ndiye anayekataa kabisa mwezi wa pili, na kukataa kwake kunaangusha hati za wote.

Jambo linalotufanya tuupende mfumo huu kama njia ya kujenga uchumi unaodumu ni hili: hati zenyewe zinachagua bidhaa za hapo. Tazama makaa. Muuza makaa ya miti analetewa magunia kwa lori kutoka bara na analipa shilingi, hivyo hawezi kupokea hati zaidi ya robo ya bei. Jirani yake anayetengeneza makaa ya vumbi anaokota vumbi linalobaki chini ya magunia hayo hayo, analichanganya na udongo wa mfinyanzi na maji, anafinyanga madonge na kuyaanika juani siku tatu au nne. Gharama yake kubwa ni mikono na maji. Huyu anaweza kupokea hati karibu bei yote. Mwenye hati mfukoni ataenda kwa nani? Bila semina wala bango, wateja wanahamia kwenye makaa ya vumbi. Ndivyo ilivyo pia kwa mboga za magunia zinazokuzwa uani dhidi ya zile za lori, kwa nazi ya mnazi wa jirani dhidi ya tui la pakiti, kwa fundi anayekarabati dhidi ya duka la mitumba. Kadiri malighafi inavyotoka karibu, ndivyo mwenye biashara anavyoweza kupokea hati nyingi zaidi.

Upande wa pili ni taka na mitaro. Mtandao ukiwa na mfuko wa pamoja, mfuko huo unaweza kuwalipa vijana kwa hati wazibue mitaro kabla ya masika, yaani Machi, si Mei maji yakishaingia ndani ya nyumba. Hati 100 kwa asubuhi moja ya kazi ya muda wa saa tatu, vijana kumi, Jumamosi nne, ni hati 4,000. Kabla ya kuzitoa, uliza zitalala wapi: vijana watakula mahamri, watanyoa, wataosha nguo. Wauzaji wa hivyo vitu wakiwa wanne tu, kila mmoja ataangukiwa na hati 1,000 kwa mwezi, na hizo atazipitisha kwa taabu. Wakiwa kumi na wawili hazitahisiwa.

Sasa pale zinapokwama, na hapa tutakaa kidogo kwa sababu ndipo mitandao mingi hufia.

Ugonjwa wa kwanza ni duka. Duka la rejareja la mtaa linauza kila mtu anachotaka, sukari, sabuni, kiberiti, kwa hiyo kila hati inatamani kwenda huko. Lakini mwenye duka ananunua nje asilimia kubwa ya bidhaa zake. Baada ya wiki tatu ana hati 3,000 kwenye droo, na shilingi za kwenda kujaza rafu zimepungua. Atafanya moja kati ya mambo mawili: atakataa, au atapandisha bei ya hati kimyakimya. Dawa ni kumtafutia matumizi kabla hajaanza kupokea. Mtu wa kumbebea mzigo kutoka barabarani, wa kufagia mbele ya duka, wa kupaka rangi, chakula cha mchana cha msaidizi wake, nusu ya ujira wa huyo msaidizi kama mwenyewe amekubali kwa hiari. Jumlisha matumizi hayo kwa wiki. Hicho ndicho kikomo cha duka, hata kama ni hati 300 tu. Afadhali duka lenye kikomo cha 300 linaloheshimu neno lake kuliko lenye bango kubwa linalofungwa mwezi unaofuata.

Ugonjwa wa pili ni hati zisizo na mtu nyuma yake. Mfumo wa simu umetumiwa pia kufikisha misaada. Wakati wa korona, Msalaba Mwekundu wa Kenya na wa Denmark waliutumia Mukuru, Nairobi. Hati za namna hii zikiingia kwa wingi kuliko bidhaa ambazo wanachama wamejifunga kutoa, kipimo chake kiko kwa mama mboga: fungu la sukuma ni shilingi 20, au hati 30. Ukiona bei mbili, hati zimezidi ahadi. Usitoe nyingine hata moja mpaka bei zikutane tena, na mfadhili akiwepo, aelekezwe anunue kitu kitakachoongeza bidhaa za mtaa, kama tangi la maji au mashine ya kusaga, kuliko kumwaga hati.

Wa tatu ni kuzificha. Mtu anaweka hati kama akiba, mzunguko unakauka. Njia mojawapo ni kukata kidogo kila mwezi kwenye salio lililolala, tuseme asilimia 2, na makato yaende mfuko wa mtaa. Kwa simu hilo ni rahisi, ila lielezwe mapema na kwa Kiswahili cha kueleweka. Mzee akikuta 400 zake zimekuwa 392 bila taarifa, atasema ameibiwa, na mtaa mzima utamwamini. Tena atakuwa na haki.

Karatasi au simu, basi? Karatasi inashikika, haihitaji chaji, na mtoto anaweza kutumwa nayo dukani. Ubaya wake ni kuchakaa, gharama ya uchapaji wenye alama za siri, na kwamba huwezi kujua imekwama kwa nani. Mfumo wa simu hufanya kazi hata kwenye kabambe, ile simu ndogo ya vibonyezo, kwa kubonyeza namba fupi, na kila muamala unabaki kwenye kumbukumbu, kwa hiyo ukiangalia unaona mara moja hati zimerundikana wapi. Lakini mtandao ukikatika katikati ya kubonyeza, muuzaji na mteja wanabaki wakitazamana hawajui zimeingia au hazijaingia. Wazee huwapa wajukuu namba ya siri. Laini ikipotea, ni safari ya kuirudisha. Kwa mtaa wenye wanachama chini ya 50 wanaojuana kwa sura, sisi tungeanza na daftari tu, kurasa mbili za kila mwanachama, na mweka hesabu wa chama anayelisoma kwa sauti kila Jumapili. Kusomwa kwa sauti kunalinda kuliko alama yoyote ya siri.

Chama ndicho nyumba bora ya jambo hili. Kina kikao kila wiki, kina mwenyekiti na mweka hazina, kinajua nani hulipa na nani hukwepa. Mtandao uliojengwa juu ya chama chenye miaka miwili hauhitaji kufundishwa kuaminiana. Ule uliojengwa kwa kuandikisha watu barabarani kwa fulana na chai, siku chai ikiisha watu nao hawaonekani.

Anayetaka kuanzisha aende hivi. Wiki mbili za kwanza usizungumzie hati kabisa. Zunguka na daftari, uliza kila biashara maswali matatu: jana ulinunua nini na kwa nani, jana kilikubakia nini, saa ngapi huna mteja. Chora kwenye karatasi kubwa, mshale kutoka kwa mnunuzi kwenda kwa muuzaji. Tafuta duara zinazofunga: mahamri kwa mwenye mkokoteni, maji kwa mama wa chakula, chakula kwa fundi, ushonaji kwa muuza mahamri. Duara moja la biashara nne au tano linalofunga linashinda orodha ya majina 100. Ukipata duara sita hivi zinazogusana, una mtandao. Zisipofunga, jua kinachokosekana. Mara nyingi ni maji, mboga au usafiri. Tafuta mtu mmoja wa huduma hiyo kabla ya kuendelea. Anza na hati 200 kwa kila mwanachama, na miezi mitatu bila kuongeza. Kila Jumamosi weka soko la muda wa saa mbili ambapo nusu ya kila bei lazima iwe hati. Hapo zilizokwama hutoka mafichoni.

Kuhusu sheria, yaliyotokea 2013 yasomwe vizuri. Hati zile zilibeba neno «pesa», zilishikwa mkononi kama noti, na zilitoka miezi michache baada ya uchaguzi wakati Pwani ina joto la siasa, hata zikahusishwa na Mombasa Republican Council, kundi lililodai Pwani ijitenge na Kenya. Kwa hiyo jina liwe la hati au kuponi. Ukubwa na rangi visifanane na noti yoyote ya Benki Kuu. Iandikwe waziwazi kwamba ni ya bidhaa na huduma za wanachama na haibadilishwi kwa shilingi. Kikundi kisajiliwe. Chifu na mzee wa mtaa waonyeshwe nakala kabla ya siku ya uzinduzi, wasizikute sokoni. Mwenye biashara inayolipa kodi ahesabu mauzo ya hati kama mauzo. Hati haimfichi mtu.

Wanaouliza kama mambo haya hudumu, waangalie WIR ya Uswisi, mtandao wa biashara ndogo na za kati uliozaliwa 1934 katikati ya mdororo na ambao bado upo. Shughuli zake huongezeka uchumi wa kawaida unapolegea, kama vile hati za Mombasa zinavyohitajika zaidi mwezi ukikauka. Pauni ya Bristol kule Uingereza, iliyoanza 2012, ilikuwa tofauti: ilikuwa na pauni halisi nyuma yake, na mfanyabiashara aliyekosa pa kuitumia aliweza kuibadilisha. Kubadilishika kunatuliza moyo, ila kunaondoa msukumo wa kumtafuta muuzaji wa karibu, nao ndio unaojenga mtandao.

Gharama kwa mwanachama ni ndogo ukilinganisha na mkopo wa simu: hakuna riba, kuna muda wa vikao na uvumilivu wa kueleza bei mara mbili. Kinyozi, fundi, mama wa chakula, mwenye maji, msusi, bodaboda anayefanya safari fupi, mwenye kitalu cha miche: hawa tunawapendekezea bila kusita. Wakala wa M-Pesa, muuza vocha na duka la vipuri wakae kando, faida yao ni nyembamba na bidhaa zao zote ni za shilingi.

Na kila mwisho wa mwaka, Desemba kabla watu hawajasafiri, zikusanywe zote mezani zihesabiwe. Kila mwanachama arudishe idadi aliyopewa mwanzo, 200 kama alianza na 200. Aliyezidi, ametoa kuliko alivyopokea, na kuanzia Januari wenzake wanunue kwake kwa shilingi kwanza na yeye awe wa kwanza kutumia hati zake. Aliyepungukiwa anapewa miezi miwili ya kufanya kazi azirudishe. Akishindwa au akihama, daftari la wadhamini linafunguliwa, na wale wanne wanalipa pengo lake kwa kugawana: huyu kwa mahamri, huyu kwa mitungi ya maji, huyu kwa kushona sare ya mtoto wa mtu.